Jirani Ana Mafuta, Sisi Tuna Harufu

Mtu akitaka kuficha jambo, asije kukaa Uvira. Mji wetu ni mwembamba. Huku milima ya Mitumba, kule Tanganyika, na katikati ndiyo sisi, tumebanana lupango kwa lupango kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu. Mvua ikizidi, mlima unatusukuma ziwani. Ziwa likipanda, linaturudisha mlimani. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabeba nyumba na watu, na waliobaki bila nyumba wakaja kujibana kwa waliobaki nazo. Basi mimi na jirani yangu tunatenganishwa na ukuta wa tofali moja. Akikohoa, mke wangu anamwambia pole. Tukipika sombe, watoto wake wanajua kama tumetia mawese au tumechemsha tu. Katika mji wa namna hii mtu atakuwaje na siri? Huyu alijaribu, na kilichoniudhi kuliko vyote ni kwamba alijaribu vibaya.

Naongea juu ya kiangazi cha 2024, kabla mwaka uliofuata haujatuletea mambo yasiyoingia katika safu ya kuchekesha.

Jirani yangu ni mvuvi. Nchi nne za ziwa hili, Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilikuwa zimekubaliana kulipumzisha miezi mitatu, kutoka 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili ndagala na mikeke wapate kuzaana. Samaki wakapumzika. Jirani yangu naye akapumzika, ila mtu mwenye watoto saba hapumziki vizuri. Mwanzoni alishinda kivulini akishona nyavu. Halafu akaacha kushona. Halafu akanunua kufuli.

Kufuli lenyewe alilitia kwenye chumba cha nyuma, kile cha mbuzi. Mbuzi wakahamia nje, kilichoingia ndani kikafungiwa. Mtu akimtoa mbuzi kwenye chumba na kuweka kufuli, ujue amepata kitu cha thamani kuliko mbuzi, na kwenye avenyu yetu vitu hivyo si vingi. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutusalimia Krismasi na bado anatusalimia, alisema ni kanyanga: ameona wengi walioanza hivyo hivyo. Kijana wangu wa kwanza alisema ni silaha, lakini yeye filamu zimemharibu. Mama wa nyumba ya mbele akasema ni mambo ya giza, akatuomba tusimtaje.

Wabebaji walikuja usiku, na bidoni. Mgeni angeruka hapo hapo na kusema, nimewakamata! Polepole. Uvira nzima inatembea usiku na bidoni. Maji ya bomba huja yanapotaka, na mara nyingi hutaka saa nane za usiku, na kipindupindu kimetufundisha tusilidharau bomba likituita hata saa hizo. Bidoni ya maji na bidoni ya dhambi ni moja: ile ya njano, lita 20, iliyokuja mjini ikiwa na mafuta ya kupikia. Anayetoka bombani na anayetoka kwa jirani yangu wakipishana kichochoroni gizani, wanapeana pole na kazi, kila mtu anaendelea na safari yake.

Mke wangu ndiye hakudanganyika. Alisimama dirishani usiku mmoja, akarudi kitandani na ripoti kamili. Wabebaji wote ni wanaume: tangu lini wanaume wa avenyu hii wakachota maji? Hawaongei, hawacheki, hawagombanii foleni. Tena kila kifuniko kimewekewa kipande cha sashe chini yake kikakazwa kwa nguvu, na ncha ya sashe inachungulia pembeni. Nani anayafungia maji sashe? Maji yakimwagika si yanamwagika tu? "Ni esansi," akasema, akavuta shuka akalala. Mimi ndiye niliyebaki macho.

Asiyeamini sashe angeamini pua. Ikifika saa saba mchana, manjanja ya kile chumba inapata moto, harufu inapanda juu ya ukuta na kushukia kwetu, tena moja kwa moja mahali mke wangu anapoweka mbabula. Akaihamisha mbabula. Kwanza mlangoni, halafu sebuleni, halafu nyuma ya nyumba karibu na choo, na hapo mama mkwe akatoa hotuba. Mwezi mzima tulikula fufu yenye harufu ya moshi na maharagwe yenye harufu ya safari.

Tuweke mzaha pembeni kidogo. Jioni ya 2 Julai 2010, lori la mafuta lililokuwa likitoka upande wa Tanzania lilipinduka pale Sange, katika bonde la Ruzizi, kwenye barabara ya Uvira na Bukavu. Mafuta yakamwagika, watu wakaja na bidoni, na sufuria, na chochote kilichokuwa mkononi. Wengine hata hawakuja kuchota: walikuwa wamejazana kwenye chumba cha video wakitazama mechi ya Kombe la Dunia. Moto ulipolipuka uliua watu zaidi ya 230. Tangu hapo, mtu wa huku akisikia harufu ya esansi mahali pasipo na gari, haulizi swali la pili, anahesabu watoto wake. Na mimi ukutani kwangu sina gari.

Esansi ilikuwa inaenda wapi, kila mtoto wa Kavimvira anajua. Ng'ambo, Bujumbura, magari yalikuwa yanalala kwenye foleni za vituo usiku na mchana, dereva ndani, mke anamletea chakula dirishani. Sisi tumezoea kuwa upande wa kuomba: tukiugua sana tunavuka, tukitaka bidhaa tunavuka, bunduki zikilia tunavuka. Safari hii wenye magari ya Burundi ndio waliovuka Gatumba kuja kujaza tangi kwetu. Niseme kweli, nilijisikia vizuri. Nilimwona bwana mmoja wa Bujumbura, suti safi, amepanga foleni Uvira, nikamwambia karibu sana kwa sauti ambayo mke wangu hajawahi kuisikia.

Lakini tangi la gari moja halitajirishi mtu. Utajiri uko kwenye bidoni inayovuka bila kusalimiana na watu wa duwane, kwa baiskeli, kwa mtumbwi, kwa kichwa. Nami nilipotaka kushitaki, nilikwama kwenye swali ambalo mshitaki yeyote ataulizwa: uhalifu wenyewe unaanzia wapi? Kwenye pompu esansi ni biashara, na ukitaka risiti unapewa. Ikiwekwa kwenye chupa kando ya barabara inakuwa Kadafi, jina ambalo Kongo nzima imewapa wauzaji hao kwa heshima ya mzee wa Libya na visima vyake. Kuuza hivyo hairuhusiwi, ila mtoza kodi anapita asubuhi na tiketi zake, na tiketi haikatwi kwa kitu kisichokuwepo. Ikilala kwenye chumba cha mbuzi ni stoki. Ikipanda baiskeli saa tisa usiku kuelekea Ruzizi ni magendo. Ikifika Bujumbura ni baraka, na aliyeileta anaitwa patroni. Njia nzima rangi haijabadilika. Bahati yangu mimi ni kupakana na stoki, mahali ambapo sheria imesimama inajikuna.

Nikaanza kwa nyumbakumi, kama inavyotakiwa. Nyumbakumi wetu ni mtu mwema. Kazi yake ni kujua nani amelala katika nyumba kumi, naye anajua mpaka nani hakulala. Akaja jioni, mikono nyuma, akasimama ukutani, akavuta pumzi ndefu.

"Papa, hii ni rangi."

"Rangi ya nini?"

"Jirani yako atapaka nyumba."

Nyumba ya jirani yangu ni ya udongo, haijaonja hata chokaa.

"Atapaka lini?"

"Papa, maisha ni mipango."

Akaniaga, akapanda piki yake, akapiga teke moja ikawaka. Miaka yote ninayomjua, piki ile huwa inasukumwa na watoto wa avenyu mpaka kwenye mteremko.

Siku zile aliyewahi kuwasimamisha wabebaji ni kiboko peke yake. Alitoka ziwani usiku, kama wanavyotoka, akasimama katikati ya njia akitafuna majani ya mtu. Wabebaji wakasimama upande huu, wa maji wakasimama upande ule, bidoni zote chini. Kwa muda mrefu hakuna aliyevuka. Mke wangu, kutoka dirishani, alisema huyo ndiye mtumishi wa zamu wa kwanza ambaye hawajui wamwambie nini.

Nikamgeukia mpwa wangu anayesoma sheria. Yuko mwaka wa pili, ule mwaka ambao mtu amemeza vifungu vyote na hajashindwa kesi hata moja. Alianza na Katiba ya 2006, kifungu cha 29: makao ya mtu hayaingiliwi wala hayapekuliwi ila kwa njia iliyowekwa na sheria. Nikamwambia hicho kizuri, kinanilinda. Akasema kinamlinda na jirani. Akahamia kwenye kanuni ya adhabu, kifungu cha 76, kinachomngoja mtu anayempelekea mwenzake mashitaka ya kumsingizia.

"Kwa hiyo, mjomba, ukinyamaza unaweza kuungua. Ukisema bila ushahidi unaweza kufungwa."

"Ushahidi niupate wapi?"

"Ingia, uone kwa macho."

"Na kifungu cha 29?"

Akakuna kidevu. "Hapo sasa, mjomba, ndipo watu wanapoandikia kitabu."

Katiba yetu ina vifungu 229 na kijana huyu anavijua. Jirani yangu anajua kimoja, kile cha 15 cha jipange mwenyewe, ambacho humo ndani hakimo, lakini ndicho kinachotekelezwa nchi nzima bila kuhitaji hakimu.

Ikabidi niende kwenye ofisi moja, ambayo sitaitaja kwa sababu bado naishi Uvira. Mkubwa wa zamu alinipokea vizuri, akanipa kiti chenye miguu mitatu na matumaini. Karatasi ya kuandikia ikawa yangu. Kalamu pia. Nikamwomba jina langu lisionekane, akaniangalia kwa huruma.

"Papa, malalamiko bila jina ni uvumi. Uvumi hatupokei, tunao wa kutosha."

Nikaandika jina. Tukafika kwenye safari ya kwenda kuthibitisha. Ili kuthibitisha lazima piki. Piki ipo, ile pale chini ya mwembe. Ila haina esansi. Mlalamikaji husaidia. Aliyewahi kushitaki mtu Kongo hatashangaa, anajua haki ya huku inakuja kwa piki na piki inakunywa.

"Lita ngapi, mkubwa?"

"Tano zinatosha."

"Kutoka hapa mpaka kwangu ni kilomita mbili."

"Papa, kuna kurudi."

Nikatoka kutafuta lita tano. Kituo cha kwanza kilikuwa kimefunga kamba, esansi imeisha. Cha pili, kamba na mlinzi amelala juu yake. Kadafi wa kona alikuwa amezipanga chupa zake vizuri kabisa, tupu. Nikamuuliza nitapata wapi. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akanisogelea sikioni. Akanitajia avenyu. Akanitajia geti la manjanja ya bluu. "Ukifika gonga mara mbili, sema umetumwa kuchukua maji. Lakini pale pembeni kuna mzee mmoja mnene. Usimsalimie huyo. Ana mdomo."

Sikugonga geti. Nilirudi nyumbani, nikakaa mpaka magharibi, nikamwita jirani ukutani, kila mtu upande wake.

"Habari ya jioni, jirani?"

"Muzuri, muzee. Watoto?"

"Wapo. Wa kwako?"

"Wapo."

"Na mbuzi?"

"Wapo nje."

"Nimewaona. Hawafurahi."

"Watazoea, muzee."

"Jirani, hapa kunanuka."

"Kunanuka nini?"

"Hicho kinacholala kwenye chumba cha mbuzi."

"Muzee, yale ni maji."

"Maji yananuka?"

"Si unayajua maji ya huku."

Hapo alinishika. Maji ya huku nayajua. Aliponiona nimenyamaza, akanionea huruma, akanikaribisha upande wake. Si kunionyesha chumba, hapana, kufuli lilibaki mahali pake. Alitaka kunionyesha usalama. Kando ya mlango ameweka beseni la mchanga wa ziwa, uliochekechwa, msafi, na juu ya mchanga kikombe kimoja cha chai chenye maua.

"Moto ukitokea, tunauzima," akasema.

"Kwa kikombe?"

"Kina mkono, muzee. Hakikuunguzi."

"Na mchanga ukiisha?"

"Ziwa si liko pale?"

Nikamwambia juu ya Sange. Sikuwa na haja ya kumaliza: mdogo wa mke wake alikuwa anakaa Luvungi, njia hiyo hiyo, na usiku ule walikesha wakipiga simu. Tukasimama wote wawili tukitazama kile kikombe. Halafu akasema ziwa wamelifunga, matumbo hayakufungwa. Kwamba wanaosema mvuvi apumzike hawajawahi kumwambia mwenye duka apumzike. Kwamba mwezi wa nane nyavu zikirudi majini, mbuzi watarudi ndani, neno la mwanaume. Mengine sikuwa na la kupinga, na hilo liliniudhi. Nilikuwa nimekuja na hasira nzuri, ya kutosha wiki nzima, akaimaliza jioni moja.

Tukapatana hivi. Bidoni zote zitahamia ukuta wa pili wa kile chumba, ule wa upande wa mashariki. Upande huo anakaa pasta. Jirani aliuliza kama si vibaya. Nikamjibu kwamba pasta anaongea juu ya moto kila Jumapili, sauti juu, vipaza sauti viwili, nami sijamsikia akiuogopa. Usiku ule ule wakahamisha, wanaume, kimya, sashe kwa sashe. Kesho yake mbabula ilirudi mahali pake na mama mkwe akatangaza kwamba sasa ataweza kukaa mpaka Pasaka. Jumapili iliyofuata mahubiri yalikuwa mafupi, na mishumaa haikuwashwa.

Agosti ikafika. Chumba kikafunguliwa, kikapigwa maji na sabuni, mbuzi wakagoma siku nzima kuingia. Jirani akashuka ziwani na wenzake, akarudi alfajiri, na kabla ya saa moja mtoto wake alikuwa mlangoni kwetu na sahani imefunikwa. Ndagala wabichi, bado wanang'aa. Mke wangu akawakaanga kwa nyanya na pilipili, tukala tukamsifu jirani, hata mama mkwe akamsifu.

Kwenye sahani ya pili ndipo nilipovaa miwani. Ndagala ni mdogo, hiyo tunajua, ndiyo kazi yake. Lakini hawa walikuwa macho tu, mwili haujaja. Wengine hawakuwa hata ndagala, walikuwa watoto wa samaki wengine, waliopotea njia wakiwa na umri wa wiki. Nikachungulia ukutani. Alikuwa ameanika wavu wake juu ya kamba ya nguo, ila wavu wa kweli, ule aliokuwa akiushona kivulini, niliuona umekunjwa pembeni. Huu wa kwenye kamba ulikuwa laini, wa bluu, una tundu ambazo mbu hapiti. Nyavu za namna hiyo zimekatazwa ziwa zima, na kila mtu wa Kalundu anajua kwa nini: leo unakula watoto, mwakani unafungiwa ziwa miezi mitatu.

Nilikuwa tayari nimeshachukua karatasi yangu na kalamu yangu. Halafu upepo ukaugeuza ule wavu, nikaona pindo lake lina kiraka cha kitambaa cha maua, na kiraka kimeshonwa kwa uzi mwekundu, mshono mrefu mrefu wa haraka ambao naufahamu, kwa sababu suruali zangu zote zinao.

Nikamwita mke wangu. Nikamuuliza ile kampeni ya malaria walitugawia vyandarua vingapi.

"Vinne," akasema. "Lakini kimoja nilimwazima mama wa pale alipojifungua."